Karatasi Iliyobaki Parke

Mazungumzo ya leo yanahusu karatasi. Tarehe 13 Juni 2008, majaji watatu wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ile ya La Haye tunayoiita CPI, waliisimamisha kesi siku chache tu kabla haijaanza kusikilizwa. Mshitakiwa alikuwa Mkongomani mwenzetu, Thomas Lubanga Dyilo wa Ituri, kiongozi wa kundi la UPC, aliyedaiwa kuwaandikisha watoto wa chini ya miaka 15 katika jeshi lake na kuwatumia vitani mwaka 2002 na 2003. Ilikuwa kesi ya kwanza kabisa ya mahakama hiyo, kesi ambayo dunia ilikuwa inaingoja kuona kama chombo kile kipya kina meno. Jaji Adrian Fulford na wenzake wawili wakasema haiendi popote. Sababu waliyoitoa ni kwamba mwendesha mashtaka alikuwa amekalia hati zaidi ya 200 ambazo zilikuwa na mambo ya kumfaa mshitakiwa katika utetezi wake, na hati hizo hazikuwa zimefika kwa mawakili wake. Zaidi ya hapo, majaji wenyewe walikuwa hawajaruhusiwa kuzisoma zilivyo. Mzazi wa Ituri aliyenyang'anywa mtoto ana haki ya kukasirika anaposikia kwamba kesi ya anayemtuhumu imesimama kwa ajili ya makaratasi. Ila mimi naona kwamba siku ile majaji walilinda kitu ambacho sisi huku Kindu tunakihitaji kuliko wao, na nitajaribu kueleza kwa nini.

Kwanza tuone hati zile zilivyopatikana. Mkataba wa Roma, ulioianzisha CPI na ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 2002, unamruhusu mwendesha mashtaka kupokea hati kwa siri, kwa sharti kwamba azitumie tu kama taa ya kumwonyesha njia ya kupata ushahidi mwingine. Hilo limeandikwa katika kifungu cha 54. Ni ruhusa ya nadra, ya dharura. Lakini katika upelelezi wa Ituri ilitumika kama mlango wa kila siku: vita vilikuwa bado vinaendelea, MONUC, ujumbe wa Umoja wa Mataifa, ilikuwa na ripoti nyingi, na ofisi ya mwendesha mashtaka ikazipokea kwa wingi kwa masharti ya siri. Ndani ya ripoti hizo kulikuwa na mambo mengine. Baadhi zilionyesha kwamba huenda Lubanga hakuwa na amri ya kutosha juu ya watu waliotenda makosa, baadhi kwamba nchi jirani ndizo zilizokuwa zimeushika usukani wa kundi lile, na baadhi kwamba palikuwa na juhudi za kuwarudisha watoto makwao. Sasa kifungu cha 67 cha mkataba huohuo kinasema kwamba ushahidi wowote unaoonyesha, au unaoelekea kuonyesha, kwamba mshitakiwa hana hatia, au unaopunguza hatia yake, au unaotia doa ushahidi wa upande wa mashtaka, lazima apewe mapema iwezekanavyo. Halafu kinaongeza sentensi fupi ambayo ningependa tuishike hadi mwisho wa mazungumzo haya: pakiwa na shaka, mahakama ndiyo itakayoamua. Mwendesha mashtaka alikuwa ameahidi kutotoa, na sheria inamwamuru kutoa. Alikuwa amejifunga kamba mbili zinazovutana, na aliyekuwa karibu kunyongwa na kamba hizo alikuwa mtu mwingine.

Mwisho wa mkasa ule unastahili kusimuliwa, kwa sababu wengi hukumbuka kusimama kwa kesi na kusahau yaliyofuata. Majaji waliamuru mshitakiwa aachiliwe. Mahakama ya rufaa, tarehe 21 Oktoba 2008, ikakubali kwamba kesi ilisimamishwa kwa haki, lakini ikakataa atoke gerezani moja kwa moja. Wakati huohuo Umoja wa Mataifa na wengine waliotoa hati walilegeza msimamo, majaji wakazisoma, mawakili wakapata kilichowahusu, na mwezi Novemba kizuizi kikaondolewa. Kesi ikaanza tarehe 26 Januari 2009. Tarehe 14 Machi 2012 Lubanga akatiwa hatiani, akahukumiwa miaka 14, na mwaka 2014 rufaa yake ikashindwa. Tazameni basi: zile hati alizopewa hazikumtoa. Alizisoma, mawakili wake walizitumia walivyoweza, na bado hukumu ikasimama. Na leo hakuna mtu makini anayeweza kusema kwamba alifungwa kwa sababu karatasi zilifichwa. Tena wakati wa kesi ilionekana wazi kwamba tahadhari ya majaji ilikuwa na msingi. Shahidi wa kwanza, kijana aliyeletwa kusema kwamba alikuwa mtoto askari, aligeuka palepale kizimbani na kusema kwamba alifundishwa cha kusema. Katika hukumu, majaji walikataa kuutegemea ushuhuda wa wengi wa vijana walioletwa kama watoto askari, wakamlaumu mwendesha mashtaka kwa kuwaachia watu wa kati kazi ya upelelezi, na wakajenga hatia juu ya mambo mengine, zikiwamo picha za video za Lubanga akizungumza na askari wake, watoto miongoni mwao, katika kambi ya Rwampara mnamo Februari 2003. Kesi iliyojengwa juu ya mashahidi wa kwanza peke yao ingeporomoka.

Mtu anaweza kusema: hayo ni ya La Haye, yana uhusiano gani na parke, ofisi ya mashtaka ya Kindu? Yana uhusiano, ingawa unapita njia ya kuzunguka. Kanuni zetu za mashtaka ya jinai zinatoka katika dekreti ya tarehe 6 Agosti 1959, wakati Mbelgiji bado anatawala. Chini ya kanuni hizo hatuna jaji wa upelelezi kama Wafaransa. Kazi yake anaifanya ofisa wa parke mwenyewe: anachunguza, anahoji, anatoa hati ya kukamata, anaandaa dosiye, yaani faili la kesi, halafu ni ofisi yake hiyohiyo inayosimama mahakamani kuomba mtu aadhibiwe. Wanasheria wetu husema kwamba ofisa huyo hupeleleza pande zote mbili, yaani hukusanya yanayomtia mtu hatiani na yanayomtoa. Na kwa kuwa dosiye nzima hupelekwa mahakamani, na avoka, yaani wakili, anaweza kuisoma kwa karani kabla ya siku ya kusikilizwa, basi, wanasema, lile tatizo la mwendesha mashtaka kuficha ushahidi ni ugonjwa wa Waingereza na Wamarekani. Kwao kuna pande mbili zinazopigana na kila mmoja anashika silaha zake; kwetu kuna hakimu wa parke anayetafuta ukweli na mezani kuna faili moja ambalo wote wanalisoma. Hoja hii ni nzuri na sitaki kuidharau. Kwa kweli, mfumo wa dosiye moja, ukifanya kazi kama ulivyoandikwa, ni mzuri kuliko ule wa pande mbili kupeana karatasi.

Shida ni kwamba dosiye husema tu kilichoingia ndani yake. Asiyekuwepo na lake halipo, na karatasi nayo ni hivyohivyo. Tuchukue mfano, na ni mfano wa kutunga, hauhusu mtu yeyote. Pikipiki imeibiwa usiku kule Alunguli, ng'ambo ya mto. OPJ, yaani polisi mpelelezi, anamkuta mama mmoja anayeuza chikwange karibu na pale, anamwuliza, mama anajibu kwamba kulikuwa giza, aliona mtu akikimbia lakini uso hakuuona. OPJ anaandika maneno hayo kwenye daftari lake, au haandiki kabisa, kwani maneno ya mtu ambaye hakuona kitu yana faida gani? Siku tatu baadaye mtaa mzima umeshataja jina la kijana fulani. Mama anarudi, anasema sasa anakumbuka vizuri, ni yule. Hapo PV, yaani karatasi ya maelezo yake, inaandikwa kwa mwandiko safi, anatia sahihi au kidole, na inavuka mto kwenda parke. Ofisa wa parke, mtu mwaminifu, anaisoma. Jaji anaisoma. Avoka wa kijana anaisoma, karatasi kwa karatasi, na hakuna aliyemnyima hata moja. Kila mtu katika mlolongo huu amefuata kanuni, na bado kijana anahukumiwa bila mtu yeyote mahakamani kujua kwamba shahidi pekee alisema jambo jingine siku ya kwanza. Kijana mwenyewe hawezi kuuliza habari ya PV ambayo hajui kwamba ingepaswa kuwepo. Ndiyo maana nasema kwamba kwetu ushahidi unaomfaa mshitakiwa haufichwi sana katika kabati la parke. Unapotelea njiani, kati ya kasho ya polisi na parke, kati ya mdomo wa shahidi na kalamu ya OPJ, mahali ambapo hakuna anayehesabu.

Tuongeze kwamba kalamu ile inaandika Kifaransa. Shahidi anasema Kiswahili cha Maniema, pengine Kirega au Kikusu, na OPJ anageuza palepale kichwani. “Nilidhani ni yeye” na “nilimtambua” ni maneno mawili tofauti kabisa kwa mtu anayetafuta ukweli. Katika PV ya mstari mmoja yanaweza kuwa neno moja. Shaka ya shahidi ndiyo ushahidi wa kwanza unaomfaa mshitakiwa, na ndiyo ya kwanza kupotea katika tafsiri.

Jambo la pili ni wakati. Dosiye inamfungukia avoka kwa uhakika pale tu kesi inapofikishwa mahakamani. Kabla ya hapo upelelezi ni siri. Lakini mtu wetu hangoji siku hiyo akiwa nyumbani kwake. Katiba, kifungu cha 18, inampa polisi saa 48. Baada ya hapo ofisa wa parke anaweza kutoa hati ya kukamata kwa muda, na ndani ya siku chache ampeleke mbele ya jaji, faraghani, ili jaji aseme kama abaki gerezani. Jaji akikubali, ni siku 15, halafu mwezi, halafu mwezi tena. Katika vikao hivyo vya kwanza, ambavyo kwa maskini wengi ndivyo kesi yenyewe, kwa sababu wakitoka hapo wameshapoteza kazi, mke, na afya, anayejua kilichomo ndani ya dosiye ni upande mmoja tu. Katiba hiyohiyo, kifungu cha 19, inasema kwamba kila mtu ana haki ya kusaidiwa na avoka katika ngazi zote, hata mbele ya polisi na wakati wa upelelezi. Na kifungu cha 61 kinaweka haki za utetezi katika orodha fupi ya yale yasiyoweza kusimamishwa hata nchi ikiwa katika hali ya hatari. Avoka anayeruhusiwa kukaa lakini haruhusiwi kusoma anamsaidiaje mtu? Anakuwa kama ndugu aliyekuja kumjulia hali mgonjwa.

Sasa nijibu wanaosema kwamba ofisa wa parke ni hakimu, ameapa, na kwa hiyo tumwamini. Wengi wao wanastahili kuaminiwa, na wanafanya kazi katika hali ambayo wakubwa wa Kinshasa wasingeivumilia wiki moja. Lakini mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, naye huivuta bila hata kufikiri kwamba anavuta. Mtu akishaamini kwamba amemkamata mwizi, kila karatasi inayosema vinginevyo inaonekana haina maana. Hafichi, anaiweka kando. Mwendesha mashtaka wa CPI naye alikuwa amefungwa na kifungu cha 54 kinachomwamuru kuchunguza yanayomtia mtu hatiani na yanayomtoa kwa uzito uleule, maneno yaleyale ya mapokeo yetu, na bado yakatokea yaliyotokea. Ufaransa ina jaji wa upelelezi kamili, asiyeomba adhabu, na bado ikapata kesi ya Outreau: watu 17 wakafikishwa mahakamani kwa tuhuma za kuwanajisi watoto, na kufikia Desemba 2005, baada ya rufaa, 13 kati yao walikuwa wameonekana hawana hatia, wengine wakiwa wamekaa gerezani miaka. Kule pia palikuwa na mtu mmoja aliyeaminiwa kutazama pande zote mbili. Tena huku kwetu tukumbuke kwamba mabadiliko ya Katiba ya tarehe 20 Januari 2011 yaliziondoa parke katika orodha ya wenye mamlaka ya kuhukumu katika kifungu cha 149, na sheria ya mwaka 2013 inamweka ofisa wa parke chini ya waziri wa sheria, ambaye anaweza kumwamuru aanze kufuatilia jambo. Hatuwezi kumwita hakimu asiyeegemea upande asubuhi na mtumishi wa waziri jioni, halafu tukamwachia peke yake kuamua ni karatasi ipi inamfaa adui wake wa kesho mahakamani. Hapo ni kesi ya nyani kumpelekea ngedere.

Wabelgiji wenyewe, ambao dekreti ile ya 1959 ni ya kwao, hawakubaki pale. Sheria yao ya tarehe 12 Machi 1998, ambayo kwao huitwa kwa jina la profesa Franchimont, ilimpa mtuhumiwa haki ya kuomba kuisoma dosiye wakati upelelezi bado unaendelea, na haki ya kuomba jambo fulani lichunguzwe, kwa mfano shahidi fulani ahojiwe. Akikataliwa, anaweza kwenda mbele ya majaji. Mfumo ni uleule wa dosiye moja. Kilichobadilika ni kwamba mtu wa pili anaweza kutazama ndani mapema na kusema, hapa pana pengo. Sisi tumebaki tukilinda usiri wa upelelezi kama alivyotuachia mkoloni, wakati aliyetuachia ameshauacha nusu.

Pingamizi linalonisumbua zaidi ni la mashahidi. Katika Maniema ya leo, na zaidi Kivu na Ituri, mtu anayetaja jina la mwenye bunduki anaweza kukutwa maiti asubuhi. Kumpa mshitakiwa karatasi ni kumpa jina, na jina linaweza kumfikia ndugu yake aliye porini kabla jua halijazama. Hili si kisingizio, na yeyote anayelipuuza hajui anazungumzia nini. Lakini tuangalie vizuri ni nini kinachodaiwa. Anayemwogopa mshitakiwa mara nyingi ni shahidi anayemtia hatiani, na maneno yake parke inakusudia kuyatumia mahakamani hata hivyo. Yule aliyesema “sikuona uso” hana sababu ya kumwogopa mshitakiwa. Na pale ambapo hatari ni ya kweli, dawa inajulikana: jina linafutwa, mahali panafichwa, ushahidi unasomwa katika kikao cha faragha, na uamuzi wa kufanya hivyo unatolewa na jaji aliyeiona karatasi yote. Majirani zetu wa Kenya, ambao sheria yao ni ya Kiingereza, walifika hapohapo mwaka 2008 katika rufaa ya Cholmondeley: mahakama ya rufaa ilisema upande wa mashtaka ni lazima umpe mshitakiwa mapema kila kinachohusika, na ukitaka kuzuia kitu kwa sababu ya usalama wa umma, upeleke hoja yake kwa jaji na yeye ndiye ataamua. Ni ileile sentensi fupi ya kifungu cha 67. Watu wa sheria mbili tofauti, wasioigana, wamekutana mahali pamoja.

Wako wanaoogopa kwamba mwenye hatia atatoroka kwa mlango wa karatasi. Hofu hii ilisikika hata Marekani, ambako mahakama kuu mwaka 1963, katika kesi ya mtu aliyeitwa Brady, ilisema kwamba kuzuia ushahidi ulioombwa na upande wa utetezi na unaomfaa mshitakiwa ni kuvunja haki, awe aliyezuia alikuwa na nia njema au mbaya. Brady hakuachiliwa kwa uamuzi huo; alikuwa mshiriki wa mauaji, na yeye mwenyewe alikiri kushiriki. Kilichokuwa kimefichwa ni maneno ya mwenzake aliyesema kwamba yeye ndiye aliyeua, na kilichorudishwa mezani ni suala la adhabu: ahukumiwe kifo au asihukumiwe. Nia njema haiokoi. Katika kesi ya Uhuru Kenyatta wa Kenya, majaji wa CPI mwezi Aprili 2013 waliikaripia ofisi ya mwendesha mashtaka kwa kutompa mshitakiwa hati ya kiapo ya shahidi mmoja, hati iliyogusa moja kwa moja kama shahidi huyo alikuwepo katika kikao alichodai kukishuhudia. Ofisi ilisema ilipitiwa. Naamini ilipitiwa. Ndiyo sababu hasa haifai mtu mmoja awe mlinzi, mhesabu na mwenye ufunguo. Na kwetu uzito umeongezeka: tangu waraka wa wizara ya sheria wa tarehe 13 Machi 2024, kusimamishwa kwa utekelezaji wa adhabu ya kifo, kulikodumu tangu 2003, kumeondolewa. Mahakama za kijeshi zinatoa adhabu hiyo. Sheria yetu inaruhusu hukumu ya mwisho ifunguliwe tena jambo jipya likijulikana. Lakini kaburi halifunguliwi kwa ombi la marudio.

Limebaki pingamizi la umaskini, ambalo husemwa kwa unyenyekevu na kwa hiyo ni gumu kulijibu. Hatuna mashine ya kunakilia, umeme unakuja na kwenda, OPJ wa ndani kabisa ya Punia ananunua karatasi kwa franga zake. Kweli. Lakini ninalolitaka mimi halihitaji mashine. Linahitaji daftari lenye kurasa zilizopigwa namba, ambamo OPJ anaandika kila mtu aliyemhoji, tarehe na saa, awe ameona au hakuona, kabla hajajua kama jibu lake lina faida. Linahitaji orodha ya karatasi zote juu ya dosiye, yenye sahihi ya kila anayeipokea, ili namba 4 ikikosekana kati ya 3 na 5 mtu aulize iko wapi. Linahitaji parke itamke kwa maandishi, inapopeleka kesi mahakamani, kwamba hakuna mtu aliyehojiwa ambaye PV yake haimo. Na linahitaji jaji, katika kile kikao cha kwanza cha kizuizi, amwachie avoka nusu saa na dosiye kabla hajamsikiliza. Nusu saa haina bei. Tukisubiri bunge libadilishe dekreti ya 1959 tutasubiri sana; lakini hakuna sheria inayomkataza mkuu wa parke kuagiza daftari hilo kesho, wala jaji kukataa kutegemea shahidi pekee ambaye upande wa mashtaka hauwezi kuonyesha alisema nini mara ya kwanza.

Mawakili nao wasijitoe. Mara nyingi utetezi unaanza kwa kubishana juu ya karatasi zilizopo: tarehe imekosewa, sahihi haisomeki, saa 48 zimepita. Hayo ni ya lazima na wayaendeleze. Ila kabla ya hayo yote kuna swali ambalo katika vikao vingi haliulizwi, wala halihitaji kitabu cha sheria. Avoka anasimama, anaomba OPJ aliyepeleleza aitwe, na kumwuliza mbele ya jaji, kwa Kiswahili, ili hata mama muuza chikwange aliyekaa nyuma asikie: ulizungumza na watu wangapi, na hapa mezani pana PV ngapi?